Sergei Ignashevich, kitasa wa CSKA aliyegeuka kocha: maswali mnayouliza kila siku

Kila nikimtaja huyu mzee watu wananiuliza yale yale, nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayamwaga yote hapa. Swali lako likikosekana basi ujue hakuna aliyewahi kuliuliza kabla yako.

Ignashevich ni nani, mbona mi simjui?

Unamjua, sema umemsahau. Unamkumbuka yule beki wa kati wa Urusi kwenye Kombe la Dunia 2018, jezi namba 4, sura ya mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, umri miaka 38 na bado anapangwa? Ndo yeye. Kazaliwa Moscow tarehe 14 Julai 1979, kacheza mpira wa ligi miaka ishirini bila kutoka Urusi, kabeba ubingwa wa ligi mara sita, Kombe la Urusi mara saba, na UEFA Cup moja (siku hizi inaitwa Europa League) aliyoinyanyua kwa mikono yake akiwa nahodha. Na mpaka leo ndiye mwenye mechi nyingi kuliko wote timu ya taifa ya Urusi. Sasa kama humjui tatizo si lake.

Jina linatamkwaje?

Kama lilivyoandikwa, uzito unaangukia kwenye "she". Ignashévich. Watangazaji wengi wanalipitia mbio wakitumaini mpira utatoka nje kabla hawajamaliza.

Alianzia wapi?

Kalelewa kwenye mfumo wa vijana wa Torpedo Moscow, lakini hawakumpa nafasi timu kubwa. Shika hilo maana Torpedo anarudi mbele huko. Akaenda kuchezea Orekhovo-Zuyevo, mji mdogo mashariki mwa Moscow, mwaka 1998, daraja la pili, viwanja vya kule unavijua mwenyewe, halafu 1999 akasajiliwa Krylya Sovetov ya Samara na hapo ndo akaanza kuonekana ligi kuu. Mwaka 2001 Lokomotiv Moscow wakamchukua, kocha Yuri Semin, na mwaka huo huo akabeba Kombe la Urusi.

Ubingwa wa kwanza ni 2002 na ulikuja kwa mtindo ambao hauonekani kila siku. Lokomotiv na CSKA, klabu nyingine ya Moscow, walimaliza ligi wamelingana pointi, ikabidi wapige mechi moja ya ziada kuamua bingwa, Novemba 21, baridi ya Moscow hiyo. Dmitri Loskov akafunga mapema kabisa, dakika ya sita, na zilizobaki zote ilikuwa kazi ya mabeki kulinda. Ikaisha 1-0. Na hao CSKA waliolizwa siku ile ndo baada ya mwaka na kitu wakaja kumsajili. Ukiumizwa na mtu mchukue awe wako.

Kabla hajaondoka Lokomotiv waliifunga Inter Milan 3-0 kwenye Champions League, Oktoba 2003. Inter hii hii unayoijua.

CSKA ilikuwaje mpaka kabeba kombe la Ulaya?

Hapa naomba nikae kidogo.

Kaingia CSKA 2004. Kocha akawa Valery Gazzaev, mtu wa sharubu na kelele, na timu ilikuwa inacheza na mabeki watatu nyuma: Ignashevich katikati, Vasili Berezutski upande mmoja, pacha wake Aleksei upande mwingine, golini Igor Akinfeev ambaye alikuwa mtoto wa miaka 19. Mbele Wabrazil, Vágner Love na Daniel Carvalho. Pembeni kulia Mnigeria Chidi Odiah. Timu hiyo ikatinga fainali ya UEFA Cup Mei 18, 2005, na fainali yenyewe inapigwa Lisbon, kwenye uwanja wa José Alvalade, ambao ni nyumbani kwa Sporting, na wapinzani wao kwenye fainali ni nani? Sporting hao hao. Yaani ni kama unaitwa kwenye kesi halafu hakimu ndo mwenye nyumba unayodaiwa.

Kabla nusu saa haijaisha Rogério wa Sporting akawapiga goli kali, uwanja mzima kijani na nyeupe unaruka. Mapumziko 1-0. Kipindi cha pili Aleksei Berezutski akasawazisha kwa kichwa, Yuri Zhirkov akaongeza la pili, kisha ukaja mpira ambao ukiuona hata leo utashika kichwa: Sporting wanagonga mwamba upande huu, dakika hiyo hiyo CSKA wanakimbia upande wa pili na Vágner Love anaua mechi. 3-1. Nahodha anayepanda kuchukua kombe ni Ignashevich, miaka 25. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya Urusi kubeba kombe la Ulaya tangu Umoja wa Kisovieti uvunjike.

Baada ya hapo ubingwa wa ligi 2005, 2006, halafu ukame, halafu 2013, 2014 na 2016. Wapo wanaouliza kwanini ule wa mwanzo unaandikwa mwaka mmoja na wa baadae miaka miwili, kama 2012–13. Ni kwamba zamani ligi ya Urusi ilikuwa inaanza machipuko inaisha Novemba kwa sababu ya theluji, wakaja kuibadili 2011 ili wafanane na Ulaya. Sasa wana likizo ndefu katikati, mpira unalala baridi zima.

Ni kweli hakuwa na spidi?

Kweli kabisa na hakujificha. Straika mwepesi akipata uwanja wazi mbele yake, Ignashevich alikuwa anapata tabu kama mimi na wewe. Ila swali ni huo uwanja wazi alikuwa anaupata mara ngapi. Huyu alikuwa anausoma mpira kabla haujapigwa, anasogea hatua mbili, tatu, wakati wewe unamwangalia mwenye mpira yeye kashakaa pale pasi inapotaka kwenda, ndo maana unaangalia mechi nzima humuoni akiteleza chini kuokoa, kwa kuwa anayeteleza mara nyingi ni aliyechelewa. Mpira wa juu ni wake. Na mguuni hakuwa wa kubutua, alikuwa anatoa pasi ndefu safi, anapiga penalti na faulo pia, kuna misimu CSKA beki ndo alikuwa mpiga penalti wao.

Hiyo ndo siri ya kudumu nadhani. Mchezaji wa mbio siku mbio zikiisha na yeye kaisha. Huyu hakuwa na cha kuishiwa.

Na hao mapacha?

Vasili na Aleksei Berezutski, wamezaliwa Juni 1982, hata waamuzi walikuwa wanawachanganya. Hao wawili na Ignashevich na Akinfeev walikaa pamoja nyuma, klabu na timu ya taifa, zaidi ya miaka kumi. Makocha wanabadilishwa, rais wa shirikisho anabadilishwa, bei ya mafuta inapanda inashuka, wale wanne wapo pale pale. Mashabiki wa Urusi wenyewe ilifika mahali wanalia, jamani hatuna mabeki wengine? Kumbe kweli hawakuwa nao, tutaona.

Nilisikia alifungiwa kwa dawa za kuongeza nguvu, ni kweli?

Hili huwa linakuzwa, acha niliweke sawa. Novemba 2009 CSKA walitoka 3-3 na Manchester United pale Old Trafford, mechi tamu, CSKA waliongoza 3-1 mpaka dakika za mwisho ndo Scholes na Valencia wakasawazisha. Baada ya mechi Ignashevich na Aleksei Berezutski wakapimwa, wakakutwa na kitu kilichokatazwa. Kilitoka kwenye dawa ya mafua. Hii ya kuzibua pua. Kosa la klabu ni kwamba hawakuiandika kwenye fomu ya dawa walizopewa wachezaji. UEFA ikawafungia mechi moja, ambayo walishaikosa tayari wakati kesi inasubiri, basi ikaisha hapo. Msimu huo CSKA wakafika robo fainali wakatolewa na Inter ya Mourinho, 1-0 kwao, 1-0 ugenini.

Kwa hiyo ukimwita mtu wa madawa ni uonevu. Alikuwa na mafua.

Kwanini hakwenda kucheza Ulaya magharibi?

Miaka ile pesa ilikuwa Urusi. CSKA kwa muda ilidhaminiwa na kampuni ya mafuta ya Sibneft, klabu zingine zina gesi, zina reli, mchezaji mzuri wa Kirusi analipwa vizuri nyumbani. Halafu ligi yao ina sheria ya kupunguza wageni uwanjani, maana yake Mrusi mzuri ana bei juu kuliko uwezo wake, kwa sababu lazima awepo. Sa wewe una mshahara mkubwa, unacheza Champions League karibu kila mwaka, una kitambaa cha unahodha, unakaa mji uliozaliwa, uende kukaa benchi Uingereza ili iweje? Binafsi naona alipiga hesabu vizuri, japo najua wapo watakaosema hakujipima.

Rekodi yake timu ya taifa ikoje?

Mechi 127, magoli 8. Alianza Agosti 2002 na Uswidi. Kwenye Euro 2008 chini ya Guus Hiddink wakafika nusu fainali, wakampiga Uholanzi 3-1 njiani, kisha Hispania ikawapiga 3-0. Halafu Euro 2012, Kombe la Dunia 2014 Brazil, Euro 2016, zote hizo waliishia kwenye makundi.

Ila utamu wa hii rekodi ni mwenye rekodi wa kwanza. Alikuwa Viktor Onopko, beki pia, mechi 109 za Urusi. Na Onopko baada ya kutundika daluga alikwenda kuwa kocha msaidizi wapi? CSKA. Yaani Ignashevich alikuwa anaenda mazoezini asubuhi anapangiwa koni na mtu ambaye rekodi yake anaitafuna mechi moja moja. Najaribu kufikiria hizo salamu za asubuhi. "Mzee umeamkaje, imebaki tatu."

Si alistaafu timu ya taifa? Akarudije?

Alistaafu baada ya Euro 2016. Ile Euro ilikuwa aibu, walitoka sare na England kwa goli la Vasili dakika za nyongeza, wakafungwa na Slovakia, wakapigwa 3-0 na Wales, na mabeki wazee walionekana wazee kweli. Kwao watu karibu milioni moja waliweka sahihi mtandaoni kutaka timu ivunjwe. Ivunjwe, si ibadilishwe. Kwa hiyo wazee wakaona isiwe tabu.

Miaka miwili baadae Urusi ndo mwenyeji wa Kombe la Dunia, kocha Stanislav Cherchesov, na mabeki wanakatika kama nyuzi. Vasin goti. Dzhikiya goti. Mei 2018 kikosi kimeshatajwa, Kambolov naye akaumia. Cherchesov akaangalia huku na huku, akapiga simu kwa mzee. Mzee akaitikia.

Urusi wakati huo ndo timu ya chini kabisa kwenye viwango vya FIFA kati ya zote 32, nafasi ya 70. Wakaanza na Saudia, 5-0. Misri 3-1. Uruguay wakawapiga wao 3-0, sawa, lakini wamevuka.

Ile mechi ya Hispania, alijifunga kwa bahati mbaya au uzembe?

Hii nitaieleza kama nilivyoiona. Julai 1, saa kumi na moja jioni, na saa za Moscow na za kwetu ni moja kwa hiyo hakuna kukesha, nipo kibanda umiza, kiti cha plastiki mguu mmoja umefungwa waya. Jirani yangu kaweka Hispania kwenye mkeka wake, timu ya mwisho, zingine zote zimeshatiki. Dakika ya 12 Hispania wanapata faulo pembeni kulia. Mpira unakuja mlingoti wa mbali, na pale Ignashevich hauangalii kabisa, kaupa mgongo, yuko bize kamkumbatia Sergio Ramos, wanavutana kama watu wanaogombania mzigo stendi. Wanaanguka pamoja. Mpira unampiga mguuni kwa nyuma, unaingia. Ramos anainuka anashangilia kama yake.

Uzembe. Beki hatakiwi kuupa mpira mgongo, hata watoto wa akademi wanafundishwa. Na kwa umri wake akaingia kwenye vitabu kama mtu mzee zaidi kuwahi kujifunga Kombe la Dunia. Jirani yangu kashasimama anaagiza soda kwa watu wawili.

Lakini angalia alichofanya baada ya hapo, maana ndo kipimo. Dzyuba alisawazisha kwa penalti baada ya Piqué kushika, na Hispania mechi nzima walipiga pasi zaidi ya elfu moja, elfu, na hawakupata goli lingine. Urusi walikuwa mabeki watano nyuma, mzee katikati, dakika 120 bila sub. Mpira ukienda kulia anasogea, ukirudi kushoto anasogea, hakimbii, anasogea tu. Yakaja matuta. Na nani anakwenda kupiga la pili? Yeye. Aliyejifunga. Kaweka mpira, kaupiga, umeingia, karudi katikati bila hata kucheka. Akinfeev akadaka ya Koke, akaja kuicheza ya Aspas kwa mguu wakati mwili umeshaanguka upande mwingine, na kibanda chote kikalipuka isipokuwa mtu mmoja. Soda hazikunywewa.

Na Croatia?

Sochi, Julai 7, saa tatu usiku. 2-2 baada ya dakika 120, matuta tena. Mzee akafunga yake tena. Smolov na Mário Fernandes wakakosa, Rakitić akamaliza. Hapo hapo akatangaza basi, mpira umeisha. Wiki moja baadae, siku moja kabla ya fainali, akatimiza miaka 39. Mapacha nao wakastaafu kiangazi hicho hicho.

Ukocha alianzia wapi?

Nilikwambia ushike Torpedo. Mwaka 2019 wale wale waliomlea na kumuacha wakampa timu, ikiwa daraja la kwanza, yaani hatua moja chini ya ligi kuu. Torpedo si klabu ndogo kwa historia, ilikuwa timu ya kiwanda cha magari cha ZIL, mabingwa wa Kisovieti mara tatu, uwanja wao umepewa jina la Eduard Streltsov. Ila kwa miaka hii walikuwa wanapanda na kushuka.

Msimu wake wa kwanza walikuwa nafasi ya tatu, wakiwakimbiza Rotor na Khimki, halafu korona ikaja. Machi 2020 ligi ikasimama na haikurudi, msimamo ukafungwa ulivyo, wawili wa juu wakapanda. Wa tatu akabaki. Hakuna mtoano, hakuna chochote. Kocha mpya unaanza kazi na unanyimwa kupanda na kirusi cha korona. Akaondoka 2021.

Baltika je?

Hii ndo kazi yake kubwa mpaka sasa. Baltika ni timu ya Kaliningrad, na Kaliningrad ukiitafuta kwenye ramani utadhani kuna mtu kakosea, ni kipande cha Urusi kilichokaa peke yake kati ya Poland na Lithuania, kimetenganishwa na nchi yake. Zamani ulikuwa mji wa Wajerumani. Kuanzia 2022 Ulaya ilipofunga anga kwa ndege za Urusi, kutoka Kaliningrad kwenda Moscow ndege inabidi izunguke juu ya bahari ya Baltiki. Ina maana kila mechi ya ugenini kwako ni safari ya mzunguko, kila msimu, wakati wapinzani wako wengine wanapanda treni.

Kachukua timu 2021. Msimu wa 2022–23 akamaliza wa pili nyuma ya Rubin Kazan na kuipandisha ligi kuu, ambako Baltika haikuwepo tangu 1998. Miaka 25. Kuna mashabiki pale wamekuwa watu wazima bila kuona.

Msimu uliofuata ukawa wa maajabu: ligi wakamaliza wa 15, wakashuka, na msimu huo huo wakafika fainali ya Kombe la Urusi. Juni 2, 2024, Luzhniki, uwanja ule ule alioitoa Hispania, dhidi ya Zenit. Wakafungwa 2-1. Akaondoka baada ya hapo.

Kwa hiyo kama kocha ni mzuri au wa kawaida?

Wenye haraka wanasema kashusha timu. Mimi nasema timu ndogo kuipandisha na kuifikisha fainali si kitu cha kupita tu. Linganisha na pacha Aleksei Berezutski, yeye alipewa CSKA yenyewe 2021, klabu kubwa, mashabiki wanakuimba, na baada ya mwaka alikuwa nje. Ignashevich kachagua njia ya vumbi, daraja la chini, na kama ulimwangalia akicheza hutashangaa.

Mabeki ndo wanakuwa makocha wazuri?

Sio sheria. Gazzaev alikuwa straika. Cherchesov kipa. Leonid Slutsky, kocha aliyempa ubingwa wa 2013, 2014 na 2016, alikuwa kipa pia, na mpira wake uliisha akiwa kijana kwa sababu alipanda mti kumshusha paka wa jirani, akaanguka, goti likaenda. Paka alipona.

Ana kombe lolote kama kocha?

Hana. Ana kupanda daraja kumoja na medali ya fainali aliyofungwa.